Kutafuta na Kupanga Milio ya Mchezo Ndani ya Kihariri cha Godot

Mtu anayetengeneza mchezo wa video peke yake, au pamoja na wenzake wawili watatu, mara nyingi huikumbuka sauti mwishoni, wakati picha zimekamilika na msimbo unafanya kazi. Hapo huingiza milio kwa pupa, kila faili ikiwa na jina ililokuja nalo kutoka mtandaoni, na muda si mrefu hawezi tena kueleza ni faili ipi inayolia mlango unapofunguliwa, wala aliitoa wapi. Mwongozo huu unahusu namna ya kuepuka hali hiyo. Msimamo wake ni kwamba kazi kubwa ya kusimamia sauti hufanywa mlangoni, yaani pale faili inapoingia katika mradi. Ikifanywa vyema hapo, kutafuta, kusawazisha na kurekebisha huwa shughuli nyepesi.

Maelezo yanafuata Godot, toleo la 4, ambalo lilitolewa mwezi wa Machi mwaka 2023. Godot ni programu huria ya kutengenezea michezo ya video, yenye leseni ya MIT: haidai ada wala mgao wa mapato, na kihariri chake ni faili moja ndogo inayofunguka bila kusakinishwa, jambo lenye maana kwa anayenunua bando la intaneti kwa siku. Mfano nitakaoutumia ni mchezo wa kubuni wa pande mbili (2D) ambamo mchezaji ni hamali wa Mombasa anayesukuma mkokoteni wa shehena kutoka Marikiti, akapita vichochoro vya Mji wa Kale, hadi Ngomeni. Mchezo kama huo una milio mingi midogo: magurudumu juu ya lami na juu ya mawe, honi za tuktuk, vikombe vya muuza kahawa vinavyogonganishwa, kunguru, na bahari kwa mbali.

Mahali pa kupata milio

Hazina ya kwanza ya kuijua ni tovuti ya Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra mjini Barcelona. Watu wa nchi nyingi wameweka humo rekodi zao, na lebo zake nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo utafutaji wenye mafanikio hutaja vitu vitatu kwa lugha hiyo: kitu chenyewe, kitendo, na kinachoguswa. Anayeandika neno la gurudumu peke yake atapewa orodha isiyosikilizika hata kwa siku nzima, ilhali anayeongeza mbao na mawe atabaki na rekodi chache zinazokaribia anachotaka. Kenney, mtengenezaji wa Uholanzi, hutoa vifurushi vya milio ya vitufe, nyayo na migongano vilivyopangwa tayari, na tovuti ya OpenGameArt ina mkusanyiko mpana zaidi ingawa ubora wake hupanda na kushuka.

Leseni isomwe kabla ya kupakua, si baada. Nyingi ni za Creative Commons, kwa kifupi CC. CC0 inaruhusu matumizi yoyote bila masharti. CC BY inaruhusu pia biashara, ila lazima mwenye kazi atajwe. CC BY-SA inadai kwamba kazi inayotokana na hiyo itolewe kwa masharti yale yale, na CC BY-NC inazuia biashara. Mchezo wa bure unaoonyesha matangazo ni salama zaidi kuuhesabu kuwa wa biashara, kwa hiyo NC iepuke. Hifadhi ya milio ya BBC nayo, pamoja na utajiri wake wote, hutolewa bila malipo kwa matumizi binafsi, ya elimu na ya utafiti tu. Anayetaka kuuza mchezo anapaswa kununua leseni. Nchini Kenya, rekodi za sauti zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na kuipata faili bure hakumpi mtu haki ya kuitumia apendavyo.

Kwa milio ya kubuni kabisa, kama ile ya kukusanya sarafu au kupoteza uhai, si lazima kutafuta popote. Programu ya sfxr, iliyotengenezwa mwaka 2007, na zile zilizozaliwa kutokana nayo, huunda milio ya namna hiyo kwa kubofya kitufe, na faili inayotoka ni yako.

Kurekodi mjini Mombasa

Hazina za mtandaoni zina honi za New York kwa wingi, lakini mkokoteni wa Marikiti utaupata kwa nadra sana. Mchezo unaotaka kusikika kama Mombasa utalazimika kurekodiwa Mombasa, na simu ya kawaida inatosha kwa kuanzia iwapo mambo machache yatazingatiwa.

La kwanza ni upepo. Wakati wa kusi, kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, ufukweni na kwenye bustani ya Mama Ngina upepo hupiga maikrofoni kwa nguvu kiasi cha kuifunika sauti ya mawimbi yenyewe. Funika maikrofoni kwa kipande cha sponji, geuza mgongo kwa upepo, au rekodi ukiwa nyuma ya ukuta. Vichochoro vya Mji wa Kale vina faida hapa, kwa kuwa kuta ndefu hukata upepo, ila pia hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia katika rekodi ni vigumu mno kuuondoa. Mlio utakaotumika mahali pengi mchezoni urekodiwe kwa karibu sana, kiasi cha mkono mmoja, ili mwangwi uwe kitu unachokiongeza mwenyewe baadaye ndani ya kihariri.

La pili ni muziki wa watu wengine. Matatu inayopita huku ikipiga wimbo hukuachia wimbo huo ndani ya rekodi yako, na wimbo una wenyewe. Alfajiri, kabla barabara hazijachangamka, ndiyo saa ya kupata magurudumu na nyayo zilizo safi, na kunguru pia huwa wengi saa hiyo. Katika kivuko cha Likoni na maeneo ya bandari, omba ruhusa kwa maafisa kabla ya kutoa kifaa chochote cha kurekodi.

La tatu ni adabu. Muuza kahawa aombwe ruhusa kabla vikombe vyake havijaingia katika mchezo, na sauti ya mtu inayotambulika isitumike bila ridhaa yake. Kuhusu adhana, ushauri wangu ni kuiacha nje ya orodha ya milio ya mazingira. Ni kweli kwamba Mji wa Kale bila adhana haujakamilika, lakini adhana inayokatika mchezaji anapobonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo, au inayojirudia kila baada ya dakika mbili, itawaudhi watu kwa haki. Anayeona ni lazima iwemo azungumze kwanza na watu wa msikiti.

Simu nyingi huhifadhi rekodi kama faili za m4a, na Godot haizipokei. Zigeuze kuwa WAV, yaani faili za sauti isiyobanwa, kwa programu ya kuhariri sauti ya Audacity, ambayo ni ya bure. Ili ifungue m4a huhitaji maktaba ya FFmpeg iongezwe. Ukimwomba mwenzako akutumie rekodi kupitia WhatsApp, mwambie aitume kama hati, kwa sababu ujumbe wa sauti wa kawaida hubanwa kwa mfumo uitwao Opus na hupoteza ubora mwingi. Faili hiyo ya Opus pia haitaingia Godot hata ukiibadilisha jina limalizikie ogg, kwani Ogg inayopokelewa ni ile iliyobanwa kwa mfumo mwingine, Vorbis.

Majina, folda na daftari

Kabla faili haijaburutwa kuingia katika mradi, ipe jina jipya. Utaratibu unaofaa ni kuanza na kundi, kisha kitu, kisha kitendo au mahali, na kumalizia na namba ya tarakimu mbili: mkokoteni_gurudumu_mawe_01, mkokoteni_gurudumu_lami_01, tuktuk_honi_fupi_03. Jina la namna hii huzipanga faili zenyewe kwa herufi, jamaa wakakaa pamoja. Tumia herufi ndogo tupu na mstari wa chini badala ya nafasi. Si suala la urembo: Windows haitofautishi Honi na honi, lakini mchezo ukishafungashwa kwa Android tofauti hiyo huhesabiwa, na mlio uliosikika vizuri kwenye kompyuta hautapatikana kwenye simu.

Chagua lugha moja ya majina na uishike. Mradi ambao nusu ya faili zake zina majina ya Kiswahili na nusu ya Kiingereza utakulazimu kutafuta kila kitu mara mbili. Binafsi naona Kiswahili kinafaa zaidi kwa kundi la hapa, kwa kuwa mtu hutafuta kwa neno linalomjia kwanza, na neno linalomjia mtu wa Kisauni anaposikia kile chuma ni mkokoteni.

Folda zisizidi ngazi mbili. Ndani ya folda ya sauti weka milio, mazingira, muziki na maneno, basi. Milio ni ile mifupi inayojibu kitendo; mazingira ni sauti ndefu zinazojirudia kama bahari na soko; maneno ni mazungumzo ya wahusika. Mgawanyo huu utakuja kulingana na mikondo ya sauti nitakayoieleza baadaye, na kulingana huko ndiko kunakookoa muda.

Sambamba na hizo, fungua lahajedwali ambalo kila mlio una mstari wake: jina jipya, jina la asili, mwenye kazi, kiungo, leseni na tarehe ya kupakua. Mstari ujazwe siku ile ile. Tahadhari moja: Godot hudhani faili yoyote ya CSV (lahajedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) ni ya tafsiri za mchezo na hujaribu kuiingiza hivyo. Tengeneza folda tofauti, iite chanzo, weka ndani yake faili tupu yenye jina .gdignore, na kihariri kitaipuuza folda hiyo nzima. Humo lahajedwali litakaa salama, pamoja na rekodi ndefu ambazo hazijakatwa na faili za kazi za Audacity.

Kuingiza faili

Godot hupokea WAV, Ogg Vorbis na MP3. WAV haiipi prosesa kazi ya kufungua, kwa hiyo inafaa kwa milio mifupi inayolia mara nyingi kwa pamoja, lakini ni nzito: sekunde moja ya mono (sauti ya upande mmoja) katika kilohezi 44.1 na biti 16 huchukua takriban kilobaiti 88, na stirio (ya pande mbili) huchukua maradufu. Dakika moja ya bahari kwa stirio inapita megabaiti 10, ilhali Ogg ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki megabaiti moja kwa muda huo huo. Kwa hiyo milio iwe WAV, mazingira na muziki viwe Ogg. MP3 hutumia prosesa kidogo kuliko Ogg, ila huwa na kimya kifupi mwanzoni na mwishoni kinachosikika sauti inapojirudia, na bahari yenye mkato kila dakika haimdanganyi mtu aliyekulia pwani.

Buruta faili kutoka folda ya kompyuta hadi paneli ya FileSystem, kisha ichague na ufungue kichupo cha Import. Hapo ndipo mlangoni penyewe. Kwa milio yote itakayotoka mahali fulani katika dunia ya mchezo, washa Force Mono, kwa sababu mlio wa kitu kimoja hauna haja ya pande mbili na faili hupungua kwa nusu. Kwa mazingira na muziki, washa Loop; kwa faili za WAV, namna ya kujirudia huchaguliwa katika orodha yake. Kubana kwa IMA ADPCM huishusha WAV hadi karibu robo ya ukubwa wake, na kasoro zake hazisikiki katika vishindo na migongano, ingawa katika sauti laini kama kengele huweza kusikika kama mchakacho.

Chaguo la Normalize liache limezimwa. Kazi yake ni kupandisha kila faili hadi kilele kimoja, na matokeo yake ni nyayo za paka kufika ukubwa wa honi ya lori; halafu utatumia saa nzima kuzishusha moja moja. Sawazisha kwa sikio katika Audacity, milio ya kundi moja ikisikilizwa kwa pamoja.

Ukimaliza, bofya Reimport. Unaweza kuchagua faili nyingi kwa mara moja na kuzipa mipangilio ile ile, au kuifanya mipangilio hiyo kuwa ya kawaida kwa kila WAV itakayofuata. Kando ya kila faili Godot huandika faili nyingine yenye kiishio cha .import, ambayo ndiyo inayobeba mipangilio yako. Kwa wanaotumia Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, faili hizo zihifadhiwe pamoja na mradi, ila folda ya .godot iachwe nje kwa kuwa kihariri huitengeneza upya chenyewe.

Kutafuta kilichomo

Juu ya paneli ya FileSystem kuna kisanduku cha kuchuja. Andika gurudumu na orodha itabaki na faili zenye neno hilo tu, ziwe katika folda yoyote. Andika .wav na utaona WAV zote. Hapa ndipo utaratibu wa majina unapolipa, kwa maana kichujio husoma jina la faili; hakisikilizi kilichomo. Kitufe cha kupanga kilicho kando yake kinaweza kuziweka faili kwa tarehe ya kubadilishwa, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuipata ile uliyoiingiza jana ukasahau uliiitaje. Faili au folda unayoirudia mara kwa mara ibofye kwa kitufe cha kulia uiongeze kwenye vipendwa, nayo itakaa juu ya orodha.

Ili kusikiliza bila kuendesha mchezo, bofya faili mara mbili. Kihariri kitaonyesha wimbi lake pamoja na kitufe cha kucheza. Sikiliza kwa macho pia: kimya cha robo sekunde mwanzoni mwa wimbi kitaufanya mlio uonekane kuchelewa mchezoni, na watu wengi huulaumu msimbo kwa kosa ambalo liko katika faili.

Swali la kinyume, yaani mlio huu unatumika wapi, nalo lina jibu. Bofya faili kwa kitufe cha kulia uchague View Owners, na utaorodheshewa maonyesho (scene) na rasilimali zinazoitegemea. Katika menyu ya Project, chini ya Tools, kuna Orphan Resource Explorer inayoonyesha faili zisizotegemewa na yeyote. Isitumike kama panga, hata hivyo: mlio unaopakiwa na skripti kwa njia inayoundwa wakati mchezo unaendeshwa utaonekana yatima ilhali unatumika. Hakiki kwanza kwa kutafuta jina lake katika skripti zote.

Kubadilisha jina au kuhamisha faili kufanywe ndani ya kihariri, kamwe si katika kivinjari cha faili cha Windows, kwa sababu kihariri hurekebisha marejeo yote yenyewe. Wanaotumia Unity, programu nyingine ya kutengenezea michezo, wana uwezo unaofanana: kuandika t:AudioClip katika kisanduku cha kutafuta cha dirisha la Project huwabakishia sauti peke yake, na hapo pia uhamishaji hufanywa ndani ya programu.

Nodi na mikondo

Sauti huchezwa na nodi, yaani vipande ambavyo mchezo wa Godot hujengwa navyo. AudioStreamPlayer hucheza bila kujali mahali, nayo inafaa kwa muziki na vitufe vya menyu. AudioStreamPlayer2D hupunguza na kuhamisha sauti kati ya spika mbili kulingana na umbali wa kitu kutoka katikati ya kioo. Kikomo chake cha umbali huanza na pikseli 2000, ambacho kwa kichochoro chembamba ni kikubwa kupita kiasi. Muuza kahawa asisikike kabla mkokoteni haujakaribia kona yake, kwa hiyo kishushe hadi masikio yako yaridhike. Kwa michezo ya pande tatu ipo AudioStreamPlayer3D.

Gurudumu linalopita juu ya mawe haliwezi kutoa mlio ule ule kila mara bila kuchosha. Badala ya kuiwekea nodi faili moja, iwekee AudioStreamRandomizer, kisha ongeza ndani yake rekodi nne au tano za jamii moja, zile zilizoishia na 01 hadi 05. Kwa kawaida yake huchagua bila kurudia iliyotangulia, na unaweza kuiruhusu ibadilishe kidogo kimo na ukubwa wa sauti kila ichezapo. Kwa jitihada ndogo kiasi hiki, sijui zana nyingine katika Godot inayouinua mchezo zaidi.

Sifa ya Max Polyphony huanza ikiwa 1, maana yake nodi ikiambiwa icheze tena kabla mlio wa kwanza haujaisha, ule wa kwanza hukatwa. Kwa honi hilo ni sawa. Kwa sarafu zinazookotwa kwa mfululizo ipandishe hadi 4 au zaidi.

Sasa mikondo, ambayo kihariri huiita Bus. Kila nodi ya sauti hupeleka sauti yake katika mkondo fulani, na mikondo yote humwagika mwishoni katika Master. Fungua paneli ya Audio chini ya kihariri, ongeza mikondo minne, na uipe majina yale yale ya folda: milio, mazingira, muziki, maneno. Mkondo unaweza kumwaga tu katika ulio kushoto kwake, kwa hiyo mpangilio wao una maana ukitaka kuiunganisha. Mipangilio huhifadhiwa katika faili ya default_bus_layout.tres.

Ukubwa hupimwa kwa desibeli, ambapo 0 ni kilele na namba hasi ni chini yake. Kila desibeli 6 zikipungua, ukubwa wa wimbi hubaki nusu. Anza na muziki ukiwa karibu na hasi 12 na milio karibu na hasi 6, kisha rekebisha. Kanuni ya kushika ni kwamba kundi likiwa na kelele nyingi, hushushwa mkondo. Mlio mmoja ukiwa na kelele ndani ya kundi lake, hushushwa nodi au faili. Anayechanganya mambo haya mawili hujikuta amegusa nodi themanini ili kupunguza kitu kimoja. Katika Master weka HardLimiter ili milio ikijumlishana isipasuke, na katika mkondo wa milio unaweza kuweka Reverb (mwangwi) ndogo wakati mkokoteni umo kichochoroni, ukaizima ukitoka barabarani. Mazungumzo yakihitaji kusikika juu ya muziki, weka Compressor katika mkondo wa muziki na uiambie isikilize mkondo wa maneno kama sidechain, yaani sauti ya pembeni inayoiongoza. Muziki utajishusha wenyewe mtu anapozungumza.

Kitelezi cha sauti katika menyu ya mipangilio huunganishwa na mkondo kwa mstari mmoja wa msimbo:

AudioServer.set_bus_volume_db(AudioServer.get_bus_index("milio"), linear_to_db(thamani))

Thamani ni namba kati ya 0 na 1. Bila linear_to_db, thamani hiyo itasomwa kama desibeli 0 hadi 1, na kitelezi kitaonekana hakifanyi kitu wala hakitanyamaza kamwe.

Hitilafu zinazojitokeza mara nyingi

Mlio usiotii kitelezi kwa kawaida umeelekezwa katika mkondo usiokuwepo: jina likikosewa hata herufi moja, Godot huupeleka kimya kimya katika Master. Mlio unaokatika kitu kinapovunjika husababishwa na nodi ya sauti kuwa mtoto wa kitu hicho, ikafutwa pamoja nacho. Iweke kwa mzazi, au ifiche picha tu na ukifute kitu baada ya ishara ya finished, inayotolewa sauti inapoisha. Ishara hiyo nayo haitolewi kamwe na sauti inayojirudia, kwa hiyo anayeisubiri katika muziki wenye Loop atasubiri sana. Mchezo wa kivinjari usiotoa sauti hadi mchezaji aguse kioo hauna kosa, kwani vivinjari huzuia sauti kabla ya mguso wa kwanza. Weka kitufe cha kuanza kabla ya muziki.

Kabla ya kutoa mchezo

Jaribu sauti zote kwenye simu ya bei nafuu, kwa spika yake yenyewe, si kwa visikizi. Spika hizo ndogo hazitoi sauti nzito, na kishindo cha gunia kilichokuvutia kwenye kompyuta kinaweza kutoweka kabisa. Kiongezee mlio mwembamba kidogo juu yake, kama mkwaruzo wa gunia, ili sikio lipate cha kushika. Nenda nayo kituo cha matatu saa za jioni uone ni milio ipi mchezaji anaihitaji ili acheze na bado inasikika, na ipi ni pambo tu. Ile anayoihitaji iambatane na ishara ya macho pia, kwa ajili ya wasiosikia na wale wanaocheza sauti ikiwa imezimwa.

Mwisho fungua lahajedwali, chuja mistari yote ya CC BY, na unakili majina ya wenye kazi, majina ya rekodi, leseni na viungo katika ukurasa wa shukrani ndani ya mchezo. Mlio wowote uliomo katika folda ya sauti lakini hauna mstari katika lahajedwali uondolewe na kubadilishwa kabla ya kufungasha.